Kabla Hujasema Unapiga Vyombo Vyote: Njia ya Kuingia Bendi ya Kopi

Kiongozi wa bendi ya hotelini akikuuliza unapiga nini, jibu la "napiga vyombo vyote" halimpi kitu. Yeye ana maswali mengine. Una nyimbo ngapi kichwani? Unaweza kuimba sauti ya pili huku mikono ikipiga? Mpiga besi akipata dharura saa kumi jioni, unaweza kusimama mahali pake saa mbili usiku na watu wakacheza kama kawaida?

Bendi za kopi za Dar es Salaam, Arusha, Zanzibar, Mombasa na Nairobi zinaishi kwa nyimbo za wengine: zilipendwa, rumba ya Kongo, rege, soul ya Marekani, chakacha, na chochote kinachotamba redioni mwezi huu. Wapigaji mara nyingi ni watano au sita, kwa kuwa ukumbi haulipi zaidi ya hapo, na ndiyo maana mtu wa vyombo viwili vitatu anatafutwa. Kinachomfanya atafutwe zaidi ya mikono ni masikio yake. Aliyewahi kukaa kwenye dramu, akashika besi, akapiga kinanda, anausikia wimbo kwa vipande na anajua kila kipande kinamwachia nani nafasi. Mazoezi yako yote yajengwe juu ya hilo.

Wengi wetu tumetokea kanisani, na msingi huo una thamani kuliko wenyewe tunavyodhani. Kwaya inayosoma solfa (d, r, m, f, s, l, t) humfundisha mtu kwamba do inahama. Wimbo ukianza kwa do ya G au do ya B flati, uhusiano wa noti ni ule ule. Aliyekulia humo hababaiki mwimbaji akisema "nishushie toni moja leo, koo halipo sawa", kwa sababu kichwani mwake wimbo umeshakuwa namba. Amezoea pia kusikia soprano, alto, tena na besi kwa pamoja, kwa hiyo kuwapanga waitikiaji watatu ni jambo analolijua. Upungufu wake uko kwenye mapigo. Kwaya hupumua pamoja na mwalimu, hupunguza mwendo mwishoni mwa ubeti, kisha huendelea. Ukifanya hivyo mbele ya watu wanaocheza, miguu yao inakosa pa kutua.

Mpiga kinanda wa kanisani huja na mazoea mawili ya kuyaacha. La kwanza ni kubofya staili na kuiacha mashine ipige dramu na besi. Mtu anaweza kupiga hivyo miaka mingi bila kujijengea mwendo wake mwenyewe, na siku ya kwanza na mpiga dramu wa kweli anakimbiza mwendo. Zima staili kwa miezi kadhaa, piga na metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, peke yake. La pili ni mkono wa kushoto. Kanisani hakuna mpiga besi, hivyo mkono wa kushoto unajaza noti za chini. Kwenye bendi noti hizo zinagongana na besi na sauti inakuwa tope, hasa wawili hao wasipokubaliana kuhusu noti za kupita. Dawa ni kuuacha mkono wa kushoto mapajani wimbo mzima, kisha kuurudisha juu ya C ya katikati tu.

Aliyetokea bendi ya matarumbeta, iwe ya jeshi, polisi, magereza au misheni, anakuja na pumzi, nidhamu ya kutuni, na uwezo wa kusoma nota za mistari mitano. Akinyimwa karatasi hutetereka, na bendi za kopi karibu zote hazina karatasi. Mtu wa taarabu, fidla au udi, ana masikio makali kuliko sisi wote. Taarabu ya Zanzibar ina historia ndefu ya kufundishana ndani ya vikundi, kikundi cha Ikhwani Safaa kikiwa kimeanzishwa mwaka 1905, na baadhi ya makamu zake (ngazi za noti za Kiarabu) zina noti zinazokaa katikati ya noti mbili za kinanda. Gitaa lenye freti, yale mabati yanayokatiza shingo, halizifikii bila kuvuta uzi. Kwenye kopi za kimagharibi mtu huyo inabidi azibane noti zake zilingane na kinanda, na hapo anahitaji subira ya wenzake.

Njia ya zamani ilikuwa tofauti. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, na DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, zilikuwa chini ya taasisi, na vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Kijana asiye na gitaa alikaa karibu na bendi, akabeba vyombo, akapewa nafasi wakubwa wakipumzika. Alijifunza chombo kilichokuwa wazi siku hiyo, na kwa njia hiyo wengi wakawa wa vyombo vingi. Leo gitaa unaweza kununua mwenyewe, na vyuo vipo, kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo na chuo cha muziki wa nchi za jahazi pale Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 2002. Bado kukaa nyuma ya bendi inayofanya mazoezi, ukimtazama mtu mmoja tu wimbo mzima, ni somo ambalo sijaona mbadala wake.

Kuhusu mpangilio wa kujifunza, msimamo wangu ni huu: chombo kimoja kifike kiwango cha kukuajiri peke yake kabla hujagusa cha pili kwa bidii. Mtu wa vyombo vitano vya nusunusu hapati kazi. Chombo cha pili kiwe besi. Cha tatu dramu, angalau mapigo matano unayoweza kuyashika kwa dakika tano bila kukimbia wala kuzubaa: rumba, sebene (sehemu ya kasi ya muziki wa Kongo), rege, 6/8 ya chakacha, na mapigo ya kawaida ya 4/4. Cha nne ni sauti yako mwenyewe. Mpiga gitaa anayeitikia vizuri huchukuliwa kabla ya mpiga gitaa anayejua pia saksafoni. Kama una saa moja kwa siku, toa dakika 30 kwa chombo kikuu, 15 kwa besi na metronomu, na 15 kwa kusikiliza. Tarumbeta ina masharti yake. Midomo hulegea ukiacha siku chache, kwa hiyo dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi.

Metronomu nayo ina namna. Kwa wimbo wa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, iweke 50, na kila mlio uuhesabu kama pigo la pili na la nne. Pigo la kwanza na la tatu utayatengeneza wewe. Mwanzoni utajikuta umegeuza, mlio umekuwa pigo la kwanza. Simama, anza upya. Zoezi hili peke yake hurekebisha watu wa kwaya kuliko jingine lolote ninalolijua.

Besi ndiyo inayowadanganya zaidi wapiga gitaa. Nyuzi zake nne, E, A, D, G, ni zile nne nene za gitaa zikishushwa oktavu moja, hivyo mikono inajua njia tayari. Kisha mtu anapiga solo kwenye besi. Anza kwa noti ya msingi ya kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), ikitua pamoja na besi dramu, ile dramu kubwa ya kukanyaga, kisha jifunze kuikata noti. Urefu wa noti ya besi ndio unaowachezesha watu. Noti ile ile ikiachwa ivume mpaka pigo linalofuata, wimbo unakuwa mzito. Kwenye rumba jizoeze kuacha nafasi na kuingia kati ya mapigo, kwa sababu ngoma za tumba na gitaa la ridhimu vinajaza huko juu. Kwenye rege ya mapigo ya Jamaika besi dramu hutua pigo la tatu na pigo la kwanza huachwa tupu. Mtu wa dansi hutamani kulijaza lile pengo. Aliache.

Gitaa la dansi letu si moja. Kuna solo, kuna second solo, kuna ridhimu, na kila moja lina sehemu yake ya shingo. Ridhimu hukaa freti za chini na kuzungusha kodi, second solo hukaa katikati na kurudia kifungu kifupi bila kuchoka, solo hupanda juu. Bendi ya kopi yenye mpiga gitaa mmoja haiwezi kupiga vyote vitatu, na hapo mpiga kinanda aliyewahi kushika gitaa anaokoa jahazi: anachukua second solo kwa sauti kavu, isiyovuma, na kuirudia ilivyo. Kwa nyimbo za Kongo zenye mlio mwembamba unaometameta, kuna wanaoutoa uzi wa D na kuweka uzi mwembamba unaotuniwa oktavu moja juu, mtindo unaoitwa mi kompoze. Gitaa hilo halifai kwa nyimbo nyingine za usiku huo, kwa hiyo ni la pili, haliwi la pekee.

Sasa vyombo vya kupuliza, eneo lenye ugomvi mwingi mazoezini. Wapiga magitaa hupenda E na A kwa sababu ya nyuzi zilizo wazi. Tarumbeta na saksafoni ya sauti ya tena ni vyombo vya B flati, saksafoni alto ni ya E flati. Bendi ikipiga E, tarumbeta na tena wanasoma F shapu na alto anasoma C shapu, funguo zenye shapu sita na saba. Noti zinakosewa, kisha mpulizaji analaumiwa. Shusheni magitaa yote nusu toni. Mpiga gitaa ataendelea na mikono yake ya E, sauti itatoka E flati, tarumbeta atapiga F na alto atapiga C. Mwimbaji naye anapumzika kidogo. Kama hamtaki kushusha, kapo, kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza inaleta F, na wapulizaji wanapata G na D. Mpiga kinanda ana kitufe cha kuhamisha ufunguo, na kitufe hicho kimeharibu mwanzo wa nyimbo nyingi kwa sababu kilisahaulika kwenye nusu toni ya wimbo uliopita. Jifunze kupiga E flati kwa vidole.

Bendi ikiwa haina wapulizaji kabisa, kinanda kitapiga sehemu yao. Kinachosaliti ni pumzi. Mpulizaji hupumua, hivyo mstari wake una mapengo. Mpiga kinanda anayeshikilia noti mfululizo anatoa mlio wa ogani. Imba mstari huo kwa mdomo kwanza, uone unakopumua, kisha inua vidole hapo hapo. Piga sauti mbili, usipige kodi nzima.

Kuuchimba wimbo kutoka kwenye rekodi ndiyo kazi hasa ya bendi ya kopi, na mpangilio ni muhimu. Usianze na solo. Sikiliza wimbo mzima bila chombo mkononi na uandike umbo lake: utangulizi baa (mafungu ya mapigo) ngapi, ubeti baa ngapi, kiitikio, mwingilio wa tarumbeta, chemko (sehemu ya kasi ya kuchezesha watu), mwisho. Kisha shika besi tu, kwa sababu noti za besi zitakuonyesha kodi nyingi. Andika kodi kwa namba: 1, 4, 5, 6 ndogo. Katika G hizo ni G, C, D na E ndogo. Kesho mwimbaji akitaka F, karatasi haibadiliki. Baada ya besi fuata ridhimu, kisha sauti za waitikiaji, na solo mwisho. Kifungu kigumu kipunguzie kasi hadi 0.75 kwenye YouTube. Mwendo unashuka bila noti kushuka. Halafu kiimbe. Usichoweza kukiimba bado hujakisikia.

Rekodi za zamani za Radio Tanzania Dar es Salaam zinahitaji tahadhari zaidi. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja studioni, kwa hiyo second solo na ridhimu hufunikana na huwezi kuzitenga kwa mashine kirahisi. Isitoshe, nakala nyingi tulizonazo zimepita kanda hadi kanda, na mwendo wa mashine ukipungua au kuongezeka kidogo, wimbo unaangukia kati ya E na F. Usihangaike kutafuta ufunguo usiokuwepo. Tuni gitaa lako lifuate rekodi, jifunze wimbo, kisha rudisha tuni ya kawaida, A ya Hz 440, na mchague ufunguo unaomfaa mwimbaji wenu.

Uaminifu kwa rekodi una mipaka. Utangulizi na solo inayojulikana vipigwe noti kwa noti. Watu wa makamo wanaokuja kucheza zilipendwa wanaiimba ile solo midomoni, na ukiipindisha unawakosea adabu waliopiga mwanzo. Katikati ya chemko una uhuru. Sehemu inayovurugika mara nyingi ni kiungo cha kutoka kwenye ubeti wa taratibu kuingia kwenye chemko, kwa kuwa mwendo unapanda na kila mtu anangoja mwenzake. Kubalianeni ni nani anayefungua, mpiga dramu au gitaa la solo, na fanyeni mazoezi ya baa nne kabla na baa nne baada ya kiungo, mara kumi mfululizo, bila kuupiga wimbo mzima. Mwisho nao uwe na ishara. Chemko halina urefu maalumu. Linafuata watu ukumbini, na mtu mmoja tu ndiye awe na mamlaka ya kulifunga.

Usiku wa kawaida una seti tatu za dakika 45. Seti moja hubeba nyimbo kama tisa au kumi ukihesabu chemko na maneno ya mwimbaji, hivyo nyimbo 30 ni mwanzo, na 40 zinakupa nafasi ya kubadili mkiona watu wamekaa. Mpiga vyombo vingi ashiriki kupanga orodha, kwa sababu kila anapobadili chombo kuna ukimya. Panga nyimbo za saksafoni mbili au tatu pamoja, usichanganye moja moja. Gitaa linalosubiri likae kwenye stendi likiwa limetuniwa na sauti imezimwa. Punguza sauti ya chaneli kabla ya kuchomoa jeki; ule mshindo unaweza kuumiza spika na masikio. Saksafoni iliyokaa nusu saa kwenye kiyoyozi imepoa na imeshuka, kwa hiyo pulizia hewa ya joto ndani kimyakimya wakati wa ubeti wa mwisho wa wimbo uliotangulia.

Sauti ya jukwaani ianze chini. Kipimo kizuri mazoezini ni mwimbaji asiye na maiki kusikika hadi mlangoni. Mpiga gitaa akijiongeza, dramu itaongezeka, monita (spika za kuwasikilizisha wapigaji) zitapandishwa, na maiki zitaanza kupiga mluzi. Besi na kinanda viingie kwenye miksa kupitia dai boksi, kisanduku kinachoiandaa sauti ya chombo kwa waya mrefu, hasa waya ukizidi mita sita hivi. Mngurumo wa mara kwa mara kwa kawaida ni wa umeme wenyewe, Hz 50, na mara nyingi unatokana na vyombo kuchomekwa kwenye soketi zenye njia tofauti za ethi (waya wa usalama unaoelekea ardhini). Chomekeni vyote vya jukwaani kwenye chanzo kimoja. Msiikate waya ya ethi ili mngurumo uishe. Mwimbaji ameshika maiki ya chuma na mdomo wake uko hapo. Ukumbi wa jenereta uwe na stebilaiza kabla ya kinanda.

Pwani ina adui wa ziada, chumvi na unyevu. Nyuzi za chuma hushika kutu mapema, kwa hiyo futa kila uzi kwa kitambaa kikavu juu na chini baada ya kupiga. Ridi za saksafoni, vile vipande vya mwanzi vinavyotoa mlio, hujikunja ukiziacha kwenye mdomo wa chombo. Kuwa na nne, zizungushe, zihifadhi kwenye kibao bapa. Mkoba wako uwe na seti ya nyuzi za gitaa, nyuzi mbili nyembamba za ziada, waya mbili za jeki, betri za volti 9, fyuzi za amplifaya, tochi, tepu ya kitambaa na bisibisi. Kinanda cha funguo 61, gitaa na saksafoni vinaingia kwenye bajaji moja. Dramu haziingii, na hilo linahusu malipo.

Malipo ya kupiga vyombo viwili yasemwe kabla ya usiku wa kwanza: kama unaongezewa, kama vyombo ni vyako au vya bendi, na nani analipa usafiri na nyuzi zikikatika. Baadhi ya bendi hutoa gawio moja la ziada kwa mwenye vyombo, nyingine hulipa sawa kwa kila mtu. Zote mbili zinafaa zikijulikana mapema. Suala la haki za watunzi nalo liwe wazi. Ukumbi unaopigisha muziki hadharani ndio unaopaswa kuwa na kibali chake, lakini mkiirekodi kopi na kuiuza au kuipandisha mtandaoni, mnahitaji idhini ya mwenye wimbo. Tanzania sheria yake ni ya mwaka 1999, chini ya COSOTA, chombo cha hakimiliki cha nchi. Them Mushrooms walipiga kwenye hoteli za pwani ya Kenya kabla ya "Jambo Bwana" yao ya mwaka 1982 kwenda duniani, kwa hiyo wakati mnaendelea na kopi, tengeni dakika 20 za kila zoezi kwa wimbo wenu wenyewe, na muuweke wa tatu katika seti ya pili, watu wakiwa wameshasimama.